Nusa Kwanza, Ndipo Nioshe

Ukimpelekea Mama Vifundo kitambaa chako mwenyewe ili akutengenezee mkufu, hatakipokea hivi hivi. Atakirudisha mkononi mwako na kukuambia, "Nusa kwanza." Wateja wengi hucheka. Wengine hudhani amechanganyikiwa, na yupo mmoja, mke wa mwenye duka la viatu, aliyenivuta pembeni akaniuliza kama jirani yangu ana akili timamu. Nilimjibu kwamba anazo nyingi kuliko yeye na mumewe wakiunganishwa, ndiyo maana hadi leo hanisalimii. Lakini sikumweleza sababu. Sababu yenyewe haielezeki mtu akiwa amesimama mlangoni na mkoba begani.

Mimi ni fundi cherehani. Mama Vifundo na mimi tunagawana baraza moja: cherehani yangu upande huu, meza yake upande ule, na katikati gunia la mabaki ya vitambaa ambalo mimi nalijaza na yeye analipunguza. Jina amelipata kwenye kazi. Hukata kitambaa ukanda mwembamba, akaushona ukawa mrija, akaupindua ndani nje, kisha husukuma shanga ya mbao ndani yake na kufunga kifundo, shanga nyingine, kifundo kingine, mpaka mkufu utoshe shingoni. Juu ya vifundo hushonea shanga ndogo za kioo, na hapo ndipo kitambaa cha kutupwa kinapogeuka kitu cha kuvaliwa harusini. Ukimtazama utasema ni rahisi. Mimi nilijaribu siku moja nikaishia na kitu kilichofanana na utumbo wa kuku, na alinicheka mpaka nikanuna.

Kazi hiyo aliianza na dada yake. Mdogo alifunga vifundo, mkubwa alishonea shanga za kioo. Dada mtu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kufika barabara ya pili, na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mwingine. Wenzake huupitisha uzi kwenye mshumaa ili uteleze usijisokote. Yeye aliupitisha kichwani. Nywele zake alizigawa njia ya katikati, na njia ile ilikuwa na mafuta siku zote, basi aliushika uzi kwa mikono miwili akauvuta juu ya utosi, kwenda na kurudi, huku akiendelea kupiga domo.

"Dada, utawauzia wateja mba zako," nilimwambia.

"Ndiyo maana wanarudi," akasema.

Akaugua. Ugonjwa ulimpukutisha mpaka pete zikawa zinamtoka vidoleni zenyewe, na mwisho akatuacha. Chumba chake kilikuwa cha kupanga na mwenye nyumba alikitaka, kwa hiyo ndugu walikuja, wakafua nguo zote na kugawana, na kila mmoja akaondoka na chake. Mama Vifundo yeye akapewa mtoto. Alikuwa binti wa pekee wa marehemu, ndiyo kwanza ameanza shule, meno ya mbele yamemng'oka, na kwa sababu hiyo tulimwita Kibogoyo na mwenyewe akaitika. Baba yake alikwisha kujiondokea zamani, na hakuna aliyehangaika kumtafuta.

Vitu viwili tu vilinusurika na ile fua-fua ya ndugu. Kimoja ni kilemba cha marehemu, ambacho Kibogoyo alikificha ndani ya gauni lake wakati watu wazima wanabishana juu ya magodoro. Cha pili ni mkufu ambao marehemu alikuwa akiushonea alipozidiwa. Uliishia katikati, sindano ikiwa bado inaning'inia kwenye uzi. Mama Vifundo aliutia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunika, akaliweka juu ya rafu nyuma ya mikasi.

Nililijua kopo lile kabla sijajua kilichomo. Kila asubuhi, kabla hajagusa kazi, nilimwona kwa dirisha akilishusha, akifungua, akitia mkono na pua, akikaa hivyo kidogo, kisha akilifunika. Nikadhani ameanza kuvuta ugoro. Nilimsema, kwa sababu mimi sina breki mdomoni, na hapo ndipo aliponionyesha. Alinisogezea kopo kidogo tu, kama mtu anayekuonjesha mboga yake bila kutaka uzidishe. Nilinusa. Ni kweli, alikuwa dada mtu, mafuta yake na jasho lake na kicheko chake chote. Nilirudi kwenye cherehani yangu na nikashona mkono wa blauzi ya mtu nyuma mbele.

Kibogoyo naye alikuwa na kilemba chake. Alilala nacho, alikula nacho mapajani, na shuleni alikwenda nacho. Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mwalimu alimwita Mama Vifundo akamwambia kwa upole kwamba mtoto anakaa darasani kutwa ameziba pua kwa kitambaa, hasomi, hajibu, na wenzake wamempachika jina baya. Kitambaa kibaki nyumbani.

Mama Vifundo alirudi akafikiri, akapata jawabu ambalo yeye tu angeweza kulipata. "Nitakutengenezea mkufu," alimwambia mtoto. "Kilemba hiki hiki. Utavaa ndani ya sare, hakuna atakayeona, na mwalimu hatakuwa na neno."

Kibogoyo alikaa na wazo hilo muda mrefu. Alitaka kujua kama kitakatwa. Kitakatwa, lakini kidogo. Alitaka kujua kama kitauma shingo. Hakitauma. Mwishowe, asubuhi moja, kabla ya kwenda shule, alikileta mwenyewe na kukitandaza mezani, akaonyesha kona moja kwa kidole.

"Hii kona usiikate, mama mdogo."

"Siikati, mwanangu."

"Kabisa?"

Mama Vifundo alichukua pini zake za shaba akaizungushia kona ile pande zote, mtoto akiona. Palikuwa na ua jekundu pale, na sisi sote wawili tulidhani ni ua analolipenda. Kibogoyo akaenda shule mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu msiba, na tulimtazama mpaka alipopinda kona ya barabara. Mama Vifundo alifurahi hata akaanza kuimba puani.

Sasa, kitambaa kisipooshwa kabla ya kukatwa hutoa rangi. Mteja akitoka jasho, rangi inahamia kwenye kola, na mteja anakuja kukupigia kelele mbele za watu. Yalimkuta Mama Vifundo alipokuwa anaanza kazi, tangu hapo hakuna kitambaa kinachofika kwenye mkasi wake kabla ya kupita kwenye beseni la maji ya chumvi na siki. Ni mikono inayofanya, yeye hana habari. Asubuhi ile alikuwa ananisimulia habari za mteja aliyetaka hereni za kuficha masikio yake makubwa, na tulikuwa tunacheka, na mikono yake ikachomoa pini, ikakitia kilemba majini, ikakikamua, ikakitia tena, ikakisuuza na kukianika kwenye kamba. Kisha ikarudisha pini kwenye ile kona, moja moja, palepale zilipokuwa. Mimi niliona yote hayo na nikaendelea kucheka.

Mtoto aliporudi kilemba kilikuwa kimekauka, kinameremeta. "Njoo uone," Mama Vifundo alimwambia. "Kona yako nimeitunza."

Kibogoyo alichomoa pini, akaileta ile kona puani. Akatulia. Kisha akakinusa kilemba chote, ukingo kwa ukingo, anakivuta taratibu kati ya vidole kama mimi ninavyotafuta tundu kwenye nguo. Alikikunja vizuri, mara nne, akaenda kukitia kwenye gunia la mabaki. Halafu akaingia ndani, akapanda kitandani na sare yake, akageukia ukuta.

Mama Vifundo alinitazama bila kuelewa. Akainama kwenye gunia, akakitoa kilemba, na kama aliyevutwa na mtu akakiweka puani. Siki. Nilimwona akikaa chini, palepale sakafuni, miguu imenyooka mbele.

"Fundi," aliniambia, "nimemfua mama yake."

Tangu saa ile mtoto hakula. Alikunywa maji akinyweshwa, basi. Ukimsemesha alikutazama kama mtu anayesubiri umalize uondoke. Mama Vifundo alimbembeleza, akamkemea, akampigia magoti, akamletea maziwa ya moto, mkate, ndizi mbivu, na vyote nilivikuta kwenye kiti kando ya kitanda vikiwa vimepoa. Mtoto alikuwa mwembamba tangu mwanzo. Sasa mabega yake yakaanza kuonekana kwenye sare kama kitu kilichotundikwa msumarini, na kila aliyeingia kumwona alitoka akisema kwa sauti ya chini lile ambalo sisi tulikuwa tunalikwepa: kwamba watoto hufuata mama zao.

Hapo Mama Vifundo akaanza kuitafuta harufu. Sijui niiiteje kazi ile. Alikwenda dukani akanunua mafuta yale yale ya nywele, chupa ile ile, akaupaka utosi wake mwenyewe na kujifunga kilemba kile kile siku nzima juani, jasho likamtoka ipasavyo. Jioni akampelekea mtoto. Kibogoyo alinusa mara moja akageuza uso. "Mafuta," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu alipoacha kusema. Mama Vifundo alilishangilia neno lile kwanza, ndipo akaelewa maana yake.

Akakumbuka sweta. Binamu yao mmoja, anayeishi upande wa pili wa mji, ndiye aliyeondoka na sweta la marehemu. Mama Vifundo alifunga mlango akaniachia mtoto, akaenda kwa miguu, akafika amechoka hoi, na salamu zikiwa hazijaisha akaomba aletewe sweta. Likaletwa. Akaligeuza ndani nje akatia pua kwapani.

"Umetoka kote huko kuja kuninusa kwapa?" binamu mtu aliuliza.

"Si lako, la dada."

"Nimelivaa mimi tangu siku ile, na nalifua kila Jumapili. Mimi si mchafu."

Wakagombana. Alirudi mikono mitupu, na njiani aliingia kwenye nyumba ile aliyokuwa amepanga dada yake. Chumba sasa kilikuwa cha kinyozi. Alimkuta anamnyoa mteja, akamwomba ruhusa, akapita kati ya viti mpaka kwenye ukuta ambapo kilisimama kitanda cha marehemu, akaweka uso wake ukutani. Kinyozi baadaye alinisimulia kwamba mashine ilibaki inanguruma hewani na mteja wake nusu kichwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwanamke yule aondoke. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya. Alisimama pale hadi kinyozi alipomletea kiti.

Tukampeleka mtoto zahanati. Daktari alimpima kila mahali, akasema hana ugonjwa wowote, ila asipokula itabidi alazwe atundikiwe dripu, na tusicheleweshe. Mama Vifundo alimbeba mgongoni wakati wa kurudi. Mtoto wa umri ule habebwi mgongoni, lakini aliniambia hausikii uzito.

Tulipofika barazani nilikuwa nimevumilia vya kutosha. Mwanamke alikuwa amepekua mji mzima. Amenusa kwapa za watu na kuta za watu, na kila asubuhi, kabla hajatoka kwenda kutafuta, nilimwona kwa dirisha lile lile akishusha kopo lile lile. Kila siku nilijiambia leo atalikumbuka. Tena siku zile alikuwa analifungua asubuhi, mchana na jioni.

"Na kopo?" nilimwuliza.

"Kopo gani?"

"Usijitie hamnazo, mwenzangu. Kopo la maziwa."

Sijawahi kumwona na uso ule. "Hapo usiniguse, fundi," alisema. "Nakuomba usiniguse."

"Mtoto anakwisha."

"Naona. Unadhani sioni? Mimi ndiye ninayembeba." Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. "Kila mtu alikuja akachukua. Magodoro, masufuria, nguo. Mimi nilichukua hicho tu. Nilikaa naye hospitali mimi, nilimgeuza mimi, alifia mikononi mwangu. Nikimtoa na huyo aliyebaki kwenye kopo, mimi nibaki na nini? Niamke asubuhi nifanye nini?"

Jibu nililotoa lilikuwa la ukali kwa sababu niliogopa. Nilimwambia kwamba yeye ni mtu mzima na aliyelala mle ndani ni mtoto. Ni kweli, lakini ukweli mwingine, anayeusema hustahili kupigwa kofi. Yeye hakunipiga. Alikaa kwenye stuli yake, akalia bila kufunika uso, kamasi na machozi pamoja, wapita njia wakimtazama. Kisha akainuka, akajifuta kwa aproni, akaingia ndani akalishusha kopo.

Nilimfuata hadi mlangoni. Alikaa ukingoni mwa kitanda akalifungua, na hakunusa mara ya mwisho, ingawa nilimwona anavyotaka. Alitoa mkufu. Ulikuwa mzuri kuliko nilivyokumbuka, kitambaa cha bluu, shanga nyeupe zikifuatana kifundo kwa kifundo na kukatika ghafla, na sindano inaning'inia.

"Kibogoyo," alisema. "Huu alikuwa anaushona mama yako. Haujafuliwa. Nilikuficha, mwanangu, nisamehe. Chukua, ni wako."

Mtoto aligeuka taratibu. Alijikokota akakaa, akaupokea kwa mikono miwili, akauweka puani na kufumba macho. Alivuta pumzi moja ndefu, akashusha. Akavuta nyingine. Akafumbua macho akamtazama mama yake mdogo, kisha akamshika kiganja akakinusa, kisha akaunusa tena mkufu.

"Ni wewe," alisema.

"Hapana, mwanangu. Ni mama. Vuta vizuri."

"Ni wewe, mama mdogo. Ni mikono yako."

Mama Vifundo aliunyakua. Alinusa shanga, akanusa uzi, akanusa kila kifundo, akanigeukia akanipa, na mimi nikanusa. Siki. Bati la kopo. Vidole vya jirani yangu ninavyovijua kwa miaka, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Asubuhi zote zile alikuwa akijinusa mwenyewe. Nilitaka kusema uongo, na hata mdomo niliufungua, lakini nikashindwa.

"Ulikuwa unanusa kila siku?" Kibogoyo alimwuliza.

"Kila siku."

"Na unaushika?"

"Nashika."

Mtoto alilifikiria hilo. "Umeimaliza harufu yake," alisema. Hakusema kwa kulaumu, alisema kama mtu anayeona ndani ya sufuria.

"Nimeimaliza," Mama Vifundo alisema. "Yako nimeifua, yangu nimeimaliza." Aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na sauti iliyomtoka sikupenda kuisikia na sitaki kuisikia tena. Siku ya kumzika dada yake, pale makaburini, alikuwa amesimama wima, akipokea mikono ya watu na kuwaonyesha pa kukaa.

Kibogoyo alimtazama mgongo unavyotikisika. Nafikiri alikuwa hajajua. Tangu msiba alikuwa anaishi na mtu mzima anayeshona na kupika na kumhimiza kula, na kumbe kila mmoja alikuwa na chake amekificha, na wote wawili walikuwa wanajifungia kunusa.

"Basi na wewe huna," alisema.

"Mimi pia sina, mwanangu."

Mtoto akasogea. Alisogea hadi ukutani, akaacha nafasi kitandani, akaipapasa kwa mkono. Mama Vifundo akalala pale na aproni yake yenye vipande vya nyuzi, viatu miguuni, na mtoto akageuka, mgongo wake sasa ukawa kwa ukuta. Mkufu ulibaki katikati yao.

Nilichemsha maziwa nikayaacha kwenye kiti katika vikombe viwili, kikubwa cha mtu mzima na kidogo cha mtoto, nikarudisha mlango. Asubuhi nilipokuja kuchukua vyombo nilikuta kikombe kimoja kimejaa na kingine kitupu. Cha Mama Vifundo ndicho kilichojaa.